Ronnat na Boma la Maenach

Kitu cha kwanza ambacho mtu alikiona kwa Ronnat kilikuwa bega lake la kulia. Lilikuwa limeshuka vidole vitatu chini ya lile la kushoto, kama mlango uliolegea bawaba, na wageni wengi walidhani aliwahi kuanguka kutoka juu ya farasi. Hakuwahi. Bega lile lilishushwa na kapu la udongo. Baba yake, Maenach, hakujaliwa mtoto wa kiume, na boma lake halikuwa na tuta la maana. Basi tangu Ronnat alipotimiza miaka tisa, kila kiangazi baba alishuka handakini kuchimba na binti akapandisha udongo juu, kapu baada ya kapu, mpaka tuta likaizunguka nyumba, zizi la ndama na tanuri la kukaushia nafaka, likawa refu kuliko mtu mzima. Juu yake walipanda uzio wa miiba. Miiba ilipokauka, walipanda mingine.

Kitu cha pili kilikuwa macho yake. Alipofika kwenye boma la mtu hakumwangalia mwenyeji usoni; aliangalia tuta. Aliona mahali mvua ilipokula, mahali mbuzi walipozoea kupanda, mahali mwenye boma alipochoka akaacha. Na alisema. Kwenye harusi ya binti wa jirani yao Muirenn, mbele ya watu walioshika vikombe vya pombe, alisema kwamba tuta la boma lile lilikuwa kitanda cha nyegere. Watu walicheka sana. Muirenn hakucheka, na kwa miaka minne baada ya hapo hakumsalimu.

La tatu lilikuwa hasira, ila hiyo haikuonekana upesi. Ilikuwa kama moto wa mboji tunaoufunika kwa majivu: hauna ndimi, hauna mlio, lakini ole wake anayetia mkono.

Majivu yenyewe yaliwekwa siku Maenach alipozikwa, mwanzoni mwa majira ya kuchipua, baada tu ya sikukuu ya Mtakatifu Brigida. Mdogo wa marehemu, Ultan, alikuja mazishini na mkewe Gormla, ng'ombe kumi na mmoja, vyungu viwili vya shaba na kitanda. Ronnat alishangaa kidogo kuona mtu anakuja kuzika na kitanda, lakini siku ile macho yake yalikuwa yamejaa machozi na hakutaka kuuliza. Ultan alieleza kwamba amekuja kumlinda binti wa kaka yake. Ronnat alimshukuru, akampikia uji wa shayiri, akamtilia siagi nyingi.

Ilipofika Pasaka, Gormla ndiye aliyekuwa akigawa siagi. Ilipofika mavuno, alikuwa amelihamisha jiwe la kusagia kutoka pale mama yake Ronnat alipoliweka. Majani yalipodondoka, kitanda cha Ronnat kilikutwa kwenye banda la ndama, na Gormla akaeleza kwa upole kwamba ndama hulala vizuri wakiwa na mtu wanayemjua. Ronnat alinyamaza. Alikuwa amejiahidi kutogombana na ndugu wa baba yake kabla mwaka wa msiba haujaisha. Mwaka ukaisha, na hata hapo akaendelea kunyamaza, kwa sababu mtu akishazoea kulala na ndama anaanza kujiuliza kama kweli aliwahi kulala kwingine.

Kilichomwamsha ni mlio wa majembe. Ilikuwa asubuhi, mwezi wa tano, na mlio ulitoka upande wa mashariki wa boma ambako hapakuwa na kazi yoyote ya jembe. Alikwenda mbio. Ultan na wafanyakazi wake wawili walikuwa wamelikata tuta kutoka juu hadi chini, upana wa mkokoteni, na udongo walikuwa wakiusukumia handakini. Katika ule mkato Ronnat aliona matabaka ya miaka yake yote: udongo mweusi wa kiangazi cha kwanza, udongo wa njano wa mwaka walipogonga udongo wa mfinyanzi, kokoto za mwaka mama yake alipofariki, ambapo baba yake alichimba kwa hasira mpaka kwenye mwamba.

"Baba mdogo," alisema, "unafanya nini?"

"Natengeneza njia. Ng'ombe wangu wanazunguka mno kwenda mtoni."

"Huo ni udongo wangu."

Ultan alikuwa mtu mcheshi, na wafanyakazi walikuwa wanasikiliza. Aliinama, akaokota donge, akaligeuzageuza mkononi kama mtu anayetafuta alama ya moto kwenye paja la ng'ombe. "Sioni jina," alisema. "Mwanangu, udongo ni wa Mungu, na tuta ni la mwanamume anayeweza kusimama juu yake na mkuki. Bwana mkubwa wa bonde akipiga pembe ya vita kesho, wewe utamtolea nini? Mwiko?"

Ronnat alimkumbusha mwaka wa theluji kubwa, wezi wa ng'ombe walipokuja kutoka ng'ambo ya kilima. Ultan siku ile alikuwa kwake, amefunga mlango. Ronnat na baba yake waliwaingiza ndama tisa katika njia ya chini ya ardhi iliyochimbwa chini ya nyumba, wakakaa humo siku mbili wakila siagi mbichi, huku wezi wakizunguka nje ya tuta na kutukana, wasipate pa kupandia. "Tuta hili ndilo lililowazuia," alisema. "Wewe hukubeba hata kapu moja."

"Na ndiyo maana bega langu limenyooka," Ultan alijibu. "Ungeolewa kabla lako halijapinda, leo tusingekuwa na maneno haya."

Mfanyakazi mmoja alicheka, kisha akamwona Ronnat usoni akaacha. Ronnat alikwenda bandani, akawatoa kondoo majike wanne ambao baba yake alimpa kwa mkono wake mwenyewe, pamoja na wanakondoo wao, akawaswaga mbele yake. Mkato mpya ulikuwa karibu zaidi. Alizunguka boma zima ili atoke kwa lango la zamani.

Alikwenda kwa Coblaith, dada mkubwa wa marehemu mama yake, mjane aliyekuwa na boma dogo ng'ambo ya kijito. Coblaith alimsikiliza mpaka mwisho, akamkatia kipande cha nyama ya nguruwe, akamwuliza kitu kimoja tu: alitaka kulia au alitaka boma. Ronnat alisema anataka boma. Siku iliyofuata walivuka kinamasi pamoja hadi kwa hakimu Aithgen, mtu mnene mwenye mafua yasiyoisha, aliyeikariri sheria yote kichwani na kuitoa kati ya chafya na chafya.

Hakimu alisema kwamba binti asiye na kaka hushika ardhi ya baba yake maisha yake yote, na akifa ndipo inarudi kwa ndugu wa baba. Hilo halikuwa na ubishi. Lakini ardhi ikikaliwa na mwingine, mwenye haki haendi kuiomba, anaiingia. Mwanamume huvuka kaburi la mpakani akiwa na farasi wawili na shahidi mmoja, akarudi. Baadaye farasi wanne na mashahidi wawili. Mwisho farasi wanane na mashahidi watatu. Ronnat alisema kwamba hana hata farasi mmoja. Aithgen alipiga chafya, akasema kwamba hakumaliza. Mwanamke huingia na kondoo majike, na mashahidi wake ni wanawake, kwa idadi ile ile. Wawili, kisha wanne, kisha wanane, na kati ya kuingia na kuingia ni siku nne. Mara ya mwisho hubeba beseni la kukandia unga na chekeche, akawasha moto, akaoka mkate. Na kama kabla siku hiyo haijaanza mkaaji hajaweka rehani mkononi mwa hakimu na kukubali shauri lisikilizwe, basi mkate ukiiva nyumba ni ya mwanamke, na hakuna wa kumtoa.

"Na akiweka rehani?" Coblaith aliuliza.

Shauri lingesikilizwa kwenye baraza kuu baada ya mavuno, hakimu alisema, mbele ya bwana mkubwa. Wote watatu walijua ni nani aliyekuwa akila nyama mezani kwa bwana huyo kila majira ya baridi. Alikuwa Ultan.

Kwa hiyo Ronnat aliingia mara ya kwanza akimwomba Mungu Ultan asijue sheria. Na Ultan hakuijua. Yeye alijua sheria ya wanaume, ile ya farasi, kama wanaume wengi wanavyoijua. Ile ya kondoo hakuna aliyewahi kumwambia, kwa kuwa katika ukoo wao hakukuwa na mwanamke aliyewahi kuihitaji. Ronnat alivuka kaburi la babu wa babu yake, lile tuta dogo la mawe pale ardhi yao inapoanza, akiwa na kondoo wawili, na Coblaith nyuma yake akihema. Kondoo walikula majani kidogo ndani ya mpaka. Ultan alitoka nje, akasimama juu ya tuta, akauliza kama wamepotea. Kisha aliita watu wake waje waone. Kwa siku nne alisimulia kiwandani kwa mhunzi jinsi binti wa kaka yake alivyokuja kumpiga vita na kondoo wawili na bibi kizee, na kila aliposimulia kondoo walizidi kukonda.

Ronnat aliambiwa yote hayo, maana mke wa mhunzi, Sarnat, alikuwa na masikio na alikuwa upande wake. Kila neno lilimchoma. Na kila neno lilimfurahisha, kwa sababu mtu anayecheka haweki rehani.

Mara ya pili, joto lilikuwa kali isivyo kawaida. Walikuwa na kondoo wanne, na mashahidi walikuwa Coblaith na Sarnat. Safari hii sheria iliwataka wasogee mpaka karibu na lango. Ultan hakuwapo. Aliyetoka ni Gormla, amevaa joho lake zuri lililofungwa kifuani kwa bizimu ya fedha, na mkononi ameshika vikombe vitatu vya maziwa mgando yaliyotoka kwenye baridi ya chini ya ardhi, mpaka vikombe vilikuwa vinatoa jasho.

"Karibuni, Mama Coblaith," alisema. "Jua hili si la kumtembeza mtu mzima. Pokeeni, mpoze koo."

Ronnat alisema hapana. Sarnat aliangalia chini. Coblaith, ambaye alikuwa na miaka sitini na mitatu, aliyekuwa amepanda kilima chote akihema, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kukataa kikombe alichopewa mlangoni kwa mtu, kwa sababu alifundishwa kwamba anayekataa kikombe anamtukana aliyempa, alinyoosha mkono. Alikunywa mpaka mwisho. Alijifuta mdomo, akashukuru.

Gormla alikipokea kikombe kitupu, akakitazama ndani, akatabasamu. "Mtusamehe kwa uchache, wageni wetu," alisema. "Karibuni tena wakati wowote."

Hapo ndipo Ronnat alipoelewa. Ultan alicheka, lakini Gormla alikwenda kuuliza sheria.

Siku ya pili walikuwa mbele ya Aithgen, na Ultan pia alikuja, hakuitwa na mtu, alikuja kutazama. Hakimu alifikiri kwa muda mrefu akiwa ameshika pua. Alisema kwamba shahidi aliyekunywa kikombe cha nyumba ni mgeni wa nyumba, na mgeni hawezi kushuhudia dhidi ya aliyemnywesha. Kwa hiyo Ronnat aliingia na shahidi mmoja pale palipohitaji wawili. Mara ya kwanza ilisimama. Mara ya pili haikuwapo. Alimpa siku nne ndipo airudie, na Coblaith asiwe shahidi tena katika jambo hili.

Alimgeukia Ultan, akamwuliza kama anataka kuweka rehani sasa, shauri liende barazani.

Ultan alisema haoni sababu ya kuvua bizimu yake iwe rehani kwa ajili ya kondoo. Angependa tu kujua, alisema, ni mwanamke gani mwenye akili zake atakayetoka tena kushuhudia upuuzi huu, wakati waume zao wote wanalisha ng'ombe wa bwana mkubwa. "Siku nne chache," alisema akiondoka. "Mimi ningempa nne, na nne, na nne, na bado shahidi asingempata."

Njiani kurudi, Ronnat alitembea mbele, haraka, ili asimsikie Coblaith akihema. Kwenye kijito ilibidi amsubiri. Alipomwona anavuka kwa tabu, jiwe baada ya jiwe, kila kitu alichokimeza mwaka mzima na miezi mitatu kilimtoka, na kikamwangukia mtu asiyestahili.

"Hukuweza kuvumilia kiu," alisema. "Baba alikufa na jembe mkononi, na wewe hukuweza kuvumilia kiu mpaka kijitoni."

"Nilikuwa mlangoni kwa mtu."

"Ulikuwa mlangoni kwangu, Mama mkubwa. Kwangu. Hata wewe hukuliona hilo. Ulipomwona Gormla na kikombe uliona mwenye nyumba."

Coblaith alisimama katikati ya maji, sketi ameikunja mkononi. "Ndiyo," alisema. "Nilimwona mwenye nyumba. Nimemwona hapo tangu mwaka jana, nikamzoea, kama wewe ulivyozoea ndama. Sasa nipe mkono nitoke humu, miguu imekufa ganzi."

Ronnat alimpa mkono. Hasira haikuisha, lakini ilihama. Ilirudi ilikotoka, na safari hii ilikuja na aibu kidogo, kwa sababu alilosema yule mzee lilikuwa kweli kwa wote wawili.

Siku mbili Ronnat alizunguka kutafuta shahidi. Kwenye boma la kwanza mume alitoka akajibu kwa niaba ya mkewe. Kwenye la pili mwanamke alisema mtoto anaumwa, na mtoto akapita mbio mbele yao akimfukuza bata. Kwenye la tatu walimkaribisha, wakamlisha, wakamsikitikia, wakamwambia kwamba Ultan ni mtu mbaya, na wakamwomba asiwataje. Hao ndio waliomkasirisha kuliko wote.

Likabaki boma moja, na Ronnat alilijua tangu mwanzo, na ndiyo sababu alilipita mara mbili bila kugeuza shingo. Lilikuwa la Muirenn. Muirenn alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe, hakuwa mtu wa bwana mkubwa, na mumewe alikuwa mtu wa kukubali. Ronnat alimkuta nje ya lango akikamua mbuzi, akasimama mbele yake bega limeshuka, akaeleza shida yake. Muirenn alikamua mpaka mwisho, wala hakuinua kichwa.

"Mimi ni nyegere," alisema. "Nyegere anaweza kushuhudia?"

Ronnat alisema kwamba alikosea kusema vile.

"Ulikosea? Tuta halikuwa bovu?"

Hapo mtu mwingine angesema lilikuwa zuri. Ronnat alijaribu. Alifungua mdomo, akalitazama lile tuta, likamwangalia na mashimo yake yote. "Lilikuwa bovu," alisema. "Na sasa ni bovu zaidi. Nilikosea kusema siku ya harusi ya mtoto wako."

Muirenn aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Aliingia ndani, na Ronnat akadhani amefukuzwa. Alirudi na kapu.

"Zimebaki siku mbili," alisema. "Utalibebea udongo upande ule wa kaskazini, ambao ulinionyesha kwa kidole mbele ya wakwe zangu. Utabeba mpaka mimi nitakaposema basi. Halafu nitakuja kushuhudia, na nitashuhudia kwa sauti kubwa."

Ronnat alibeba. Alibeba siku mbili, kutoka asubuhi mpaka kondoo waliporudi, mume wa Muirenn akichimba chini bila neno, na Muirenn mwenyewe akipita mara kwa mara kumwambia kwamba pale ameacha shimo. Alikuwa ameacha kweli. Hakuna kazi iliyowahi kumkasirisha kama ile: kuzimalizia nguvu zake kwenye tuta la mtu mwingine, huku lake limekatwa wazi kama mkate na mvua ikilinyeshea. Kila kapu alilomwaga alilimwagia kichwani kwa Ultan. Jioni ya siku ya pili Muirenn alipanda juu, akaruka mara tatu kwa miguu yote miwili, tuta halikutikisika, akasema basi.

Kesho yake waliingia tena, kondoo wanne, na Sarnat na Muirenn nyuma. Coblaith alibaki upande wa pili wa kaburi la mpakani akiwashika wanakondoo waliokuwa wakiwalilia mama zao. Gormla alikwisha kuwa langoni na vikombe. Alimpa Sarnat, Sarnat akakataa kwa kichwa. Alimpa Muirenn.

"Maziwa mazuri," Muirenn alisema akichungulia kikombe. "Lakini mimi leo sikuja kwako, mke wa Ultan. Nimekuja kwa Ronnat. Mpe yeye kikombe, na yeye akinikaribisha nitakunywa."

Gormla alisimama na vikombe vyake, hana pa kuviweka. Hakuweza kumpa Ronnat amkaribishe mtu, na hakuweza kurudi ndani navyo vimejaa. Mwishowe akavimwaga kando, kimoja kimoja, na nguruwe wakaja.

Ultan alitoka wakati huo. Alimkuta mkewe anamwaga maziwa, Muirenn akihesabu kondoo kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mashamba ya jirani, na wafanyakazi wake wawili wamesimama, hakuna anayecheka. Ronnat alimwona akitazama kondoo, kisha mashahidi, kisha kondoo tena, na uchangamfu ukimtoka usoni polepole kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Kwa mara ya kwanza alikuwa anahesabu.

"Wewe ukifa boma hili ni langu," alimwambia. "Unajua hilo? Sheria yako yenyewe inasema. Unajisumbua bure."

"Nina miaka thelathini na minne, Baba mdogo. Wewe una hamsini na ngapi?"

Ultan alimsukuma nguruwe mmoja kwa mguu.

"Nakula vizuri," Ronnat aliendelea, "silewi, na sipandi farasi. Nitakuwepo muda mrefu. Na siku nitakayokufa, atakayekuja kulichukua atalikuta tuta limezibwa pale ulipolikata. Hilo nakuahidi."

Ultan alisema ataziba lango kwa miiba, aone kondoo watapita wapi. Muirenn alimjibu kwa niaba ya wote kwamba wangepita kwenye ile njia nzuri ya mashariki aliyowatengenezea mwenyewe, na hapo mfanyakazi yule yule aliyemcheka Ronnat mwezi uliopita alicheka tena, akaondoka haraka akijifanya anakohoa.

Hayo yalikuwa siku nne zilizopita kasoro saa chache. Tangu siku ile Ronnat hajalala vizuri. Wale kondoo wanane wako zizini kwa Coblaith, wanne wa Ronnat na wanne wa yule mzee, ambaye alimpa bila kuulizwa na kisha akalalamika siku nzima kuhusu sufu yao. Beseni la kukandia limesuguliwa kwa mchanga. Chekeche ni la nywele za farasi, jipya. Mume wa Sarnat alilisuka mwenyewe, akisema kwamba yeye haingilii mambo ya wanawake. Unga wa shayiri umesagwa. Shahidi wa tatu amepatikana, naye ni yule binti wa Muirenn ambaye harusi yake iliharibiwa na neno moja. Alisema hawezi kukosa.

Imebaki rehani. Siku ya watu wa bonde hili huisha jua linapozama, na ya kesho huanzia hapo hapo. Ultan ana mpaka jua lizame kuvuka kinamasi na kumwekea Aithgen bizimu mkononi. Akifanya hivyo, kila kitu kitaingoja baraza baada ya mavuno, na bwana mkubwa, na nyama ya majira ya baridi. Asipofanya, kesho kukipambazuka Ronnat ataingia na moto wake mwenyewe.

Asubuhi mtu alimwona Ultan akitandika farasi. Adhuhuri mwingine alimwona akimvua tandiko. Sarnat amesikia kwamba yeye na Gormla wamegombana, kwamba Gormla anataka aende na yeye anasema hawezi kwenda kupiga magoti kwa hakimu kwa sababu ya kondoo, bonde zima likitazama. Lakini Sarnat husikia mengi.

Kwa hiyo Ronnat amepanda juu ya tuta la Coblaith, ambalo upande wa magharibi lina ufa anaokusudia kumwambia habari zake siku nyingine. Kutoka hapo anaiona njia yote ya kinamasini, kutoka kwenye kaburi la mpakani mpaka vichaka vya mierebi midogo inakoingia. Coblaith yuko chini na kondoo, na kila baada ya muda mfupi anauliza kama kuna mtu.

"Hakuna, Mama mkubwa."

"Angalia vizuri."

Anaangalia vizuri. Moshi unapanda kutoka boma la Maenach, umenyooka. Jua liko vidole viwili juu ya kilima. Ronnat ameinua mkono kulipima, na bega lake linamuuma, na haushushi.